Saikolojia Zilizopita Nyumbani Kwetu

Ifakara, Jumamosi alasiri

Skola, mama yangu,

Nimewafundisha watoto wa darasa la sita kuandika barua kwa miaka mingi kuliko umri wako. Anwani juu kulia, salamu, dhumuni, hitimisho. Leo nimekaa mbele ya karatasi nikitafuta salamu mpaka chai imepoa, ndipo nikagundua kuwa sijawahi kukuandikia hata mara moja. Ulipokuwa bweni nilikuwa nakutumia salamu kwa midomo ya watu, pamoja na soksi.

Umekwenda Kibaoni kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua dada yangu hatakuachia kabla hujala. Kwa hiyo nina muda. Mambo ya sanduku, chandarua na nani wa kumwamkia kwanza ukifika Dar es Salaam, mama yako amekwisha kuyasema, na akayarudia kwa Kipogoro ili yaingie. Hayo nayaacha.

Nataka kujibu swali lako la jana. Tulikuwa tunakula, ukarudisha tonge sahanini, ukasema hupandi basi la kesho mpaka nikuahidi kwamba msimu huu wa mpunga kaka yako hatafungwa. Nikasema, "Tutaona." Mama yako akaangalia sufuria. Festo mwenyewe alikuwa pale pale mlangoni akichambua miiba ya kambale na kuipanga sakafuni kwa utaratibu wake, hakuinua kichwa. "Tutaona" ni jibu la mwoga, nakubali. Ndilo tunalowajibu wazazi wanaouliza habari za madawati.

Barua hii ndiyo jibu lenyewe. Ningeweza kuificha sandukuni uikute ukishapita Kidatu, mahali ambapo huwezi tena kushuka na kurudi. Niliwaza hivyo, usidhani sikuwaza. Lakini nitakupa mkononi ukirudi kwa shangazi, ili uamue ukijua.

Kwanza niseme kwamba umenichekesha mwezi mzima. Tangu upate nafasi ya kusoma saikolojia, mtaa huu hauna mtu anayeota ndoto kwa amani. Mama Kalista alisahau ndoo yake kisimani, ukamwuliza kama kuna jambo hataki kulikumbuka. Akasema lipo, ndoo. Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya choo. Ila nilikuona pia ulivyomtazama Festo baada ya hapo, kama mtu anayetazama mzigo akipima ataubeba kwa bega lipi.

Elimu hiyo mimi niliionja kidogo chuo cha ualimu, kipindi cha baada ya chakula, nusu ya darasa ikiwa imelala. Mkufunzi wetu alikuwa mtu wa kundi moja tu, kundi la tabia. Kwake nafsi ilikuwa hadithi ya wazee; kilichopo ni kitendo na kile kinachofuata baada ya kitendo. Ukitaka kitendo kirudi, kitunze. Ukitaka kife, kiadhibu au kisusie. Alitusimulia habari za Mrusi na mbwa wake waliotokwa mate kwa kusikia mlio tu wa chakula kinachokuja. Makundi mengine aliyataja dakika za mwisho, kama mtu anayetaja wakwe asiopatana nao. Wapo, alisema, wanaotafuta kila kitu utotoni. Wapo wanaokataza kuikata akili vipande, wanataka itazamwe nzima. Wapo wanaoamini mtu akisikilizwa bila kuhukumiwa atajinyoosha mwenyewe. Wapo wa fikra, na wapo wa ubongo na damu, ambao ni nusu madaktari. Halafu majirani: wanaosoma jamii, wanaosoma mila, wanafalsafa, kila mmoja akidai mpaka wa shamba uko upande wake. Kengele ikalia, na sisi kama wale mbwa tukainuka kwenda kunywa uji.

Nilitoka pale na cheti na kundi moja kichwani. Mengine nilikuja kuyatafuta kwenye vitabu vya kuazima misheni, Festo akiwa amekwisha kuugua, na yote niliyajaribu juu yake.

Unaukumbuka msimu ule. Wewe ulikuwa shuleni, kidato cha tatu. Tulihamia shamba Mofu kama kila mwaka, mimi nikienda na kurudi kwa baiskeli Jumamosi na Jumapili, mama yako na Festo wakikaa huko moja kwa moja. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, ndege kwelea kwelea wakashuka. Festo alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo unayajua, akawa mtu wa kukaa na kutazama ukuta. Nikampa dungu, kile kichanja cha juu cha kulindia shamba, na debe la kupiga, nikamwambia aamie, awafukuze ndege.

Hakuna mtu aliyewahi kuamia vile bonde lile. Vijana wa mashamba ya jirani jua likipanda wanasinzia, ndege wanakula mpaka wanashindwa kuruka. Festo alikuwa juu tangu umande, anapiga debe, anapaza sauti, anasimama, anakaa, anazunguka. Mzee Kasiani wa shamba la pili akaja kuniuliza namlisha nini yule kijana. Nami, mwanafunzi mwema wa mkufunzi wangu, nikamtunza. Nilikuwa namletea miwa na vitumbua kutoka mjini, na kila nikimsikia sauti imepanda, namwongezea sifa. Akapaza zaidi. Nilifurahi, Skola. Nilijiona kwa mara ya kwanza nimefaulu kumlea mtoto kwa kanuni.

Jioni ndege wakaenda kulala kwenye matete, Festo akawa anaendelea. Mama yako akaniambia mtoto hashuki, chakula kinapoa. Nikamwambia, "Mwache. Tabia njema ikianza haikatizwi."

Kwingine, kijana akipiga kelele peke yake kutwa nzima, watu wangeshtuka kesho yake. Kwetu, msimu wa kuamia, anapewa kitumbua.

Tulipomaliza kuvuna, shamba likabaki mabua matupu. Asubuhi nikamkuta juu ya dungu, anapiga debe. Nikamwuliza ndege wako wapi. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa, akasema, "Baba, kumbe ulidhani ni ndege?"

Hapo ndipo zilipoanza safari zetu. Shangazi yako akasema tukanyolewe kwa mganga, uchawi utoke, na mimi, mwalimu mwenye cheti cha saikolojia, nikakubali, maana mtu aliyeishiwa kanuni hana kiburi. Tukavuka na pantoni kwenda upande wa Ulanga, familia nzima, tukamwalika na Mzee Kasiani ambaye shangazi alikuwa anamnong'ona. Naye akaja, maskini, kwa kuwa asiyekuja ndiye mchawi. Tulirudi wote na vipara, mtuhumiwa na watuhumu, tumekaa ubao mmoja wa pantoni, tunagawana ndizi. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikawaambia ni chawa. Baadaye akaja msichana mmoja kutoka Ulaya, anayesoma mila za watu, akaniuliza maswali mazuri sana juu ya kunyolewa: nani anakaa wapi, nani anaanza. Mengi sikuwahi kuyafikiria. Festo alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu, anajibizana na mtu tusiyemwona. Msichana hakumwuliza lolote, na sikumlaumu. Kila elimu ina shamba lake, na Festo alikuwa nje ya mpaka.

Hospitali walituambia habari za ubongo. Nakuambia kweli, kundi hilo ndilo lililomsaidia. Alikunywa vidonge, wale tusiowaona waliokuwa wanamwita wakanyamaza. Na yeye akanyamaza. Mikono ikawa inatetemeka, mate yanamtoka, jembe likamshinda, akawa analala kama mtu aliyetupwa. Siku moja kwenye dirisha la dawa tukaambiwa vidonge vimekwisha, tujaribu wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa hivyo hivyo. Vilipopatikana, alikuwa amekwisha kuamua hamezi tena. Alikuwa anavificha shavuni na kuvitema kwenye banda la kuku. Wale kuku walikuwa watulivu sana mwaka ule. Samahani, ndivyo nilivyo, nikiacha utani hapa sitafika mwisho wa karatasi.

Sasa nimefika mahali ulipoumia wewe.

Wakati vidonge haviko nilisoma kile kitabu cha misheni, cha wale wa utotoni. Kiliniingia kama dini. Kilisema kuna mambo mtoto anafanyiwa kabla hajajua kusema, na hayo ndiyo yanayomrudia ukubwani. Nikaenda jikoni na penseli, nikamhoji mama yako kama polisi: Festo alitambaa lini, alilia vipi, ziwa aliachishwa lini na kwa nini mapema. Mama yako alikuwa anasonga ugali. Akasimama na mwiko.

"Nilimwachisha kwa sababu Skola alikuwa tumboni," akasema. "Ulitaka aendelee kunyonya mpaka abemendwe, adhoofike kwa maziwa ya mimba?"

Nikaandika. Mungu wangu, nikaandika. Nikamwambia kitabu kinasema hapo ndipo penye kidonda. Mama yako akakaa kwenye kigoda, ugali ukaungua. Ilikuwa mara ya kwanza daktari wa Ulaya wa kile kitabu na bibi yako wa Mahenge, aliyemlaumu mama yako kwa kubeba mimba mapema, kukubaliana jambo, na walikubaliana juu ya kichwa cha mke wangu. Na wewe ulikuwa nje ya dirisha unapeta mchele. Niliusikia ungo ukisimama.

Tangu siku ile mama yako anampakulia Festo kabla yangu, kabla ya mgeni, hata akija padri. Na wewe ukaanza kumfulia. Ukaacha kucheza netiboli. Ukachagua masomo. Watu wanasema, huyu binti ana moyo, na mimi naitikia, huku najua moyo huo umetoka wapi. Unakwenda kusoma ili ulipie ziwa ulilomnyang'anya kaka yako kabla hujazaliwa.

Skola, nusu ya Ifakara iliachishwa ziwa kwa sababu mdogo wao yuko tumboni. Mimi mwenyewe nimo, na ubaya wangu wote unaelezeka kwa uvivu tu. Hukumfanya Festo chochote. Ukifika huko utakuta watu wazima waliosoma miaka mingi bado wanabishana ugonjwa huu unatoka wapi, na hakuna hata mmoja atakayekutaja wewe. Mimi ndiye niliyekutaja, kwa kitabu kimoja kilichosomwa haraka na mtu aliyekuwa anaogopa.

Wale wa kusikiliza nao nikawajaribu. Kulikuwa na semina parokiani, tukafundishwa kukaa na mtu bila kumkatiza, bila kumrekebisha. Nikaona hii rahisi, haina gharama. Nikaenda kukaa na Festo chini ya ukingo wa paa, mvua ikinyesha. Nikanyamaza. Nikaitikia kwa kichwa pale inapofaa. Baada ya muda akanigeukia.

"Baba, unanisikiliza au unanichunguza?"

Nikamwambia nakusikiliza, mwanangu.

"Basi toa kalamu sikioni."

Nikaitoa. Na siku ile akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesimulia habari za sokoni. Wanaomwita wako mtoni. Hawana ubaya, wanataka tu aende. Anapopiga kelele anawazidi sauti, akichoka wanamzidi wao. Akaniuliza kama na mimi huwa nachoka. Nikasema huwa nachoka. Tukakaa. Ndiyo siku pekee ambayo najua nilikuwa baba yake, na haikumponya.

Msimu uliopita, zile mvua za elinino zilipoujaza mto mpaka ukaja kwenye mashamba, alikwenda. Wavuvi wa Mofu walimkuta maji kifuani anazidi kuingia, wakampakia kwenye mtumbwi wakamleta kwa mama yako kama samaki mkubwa. Siku chache baadaye akaenda tena. Mama yako alimng'ang'ania shati, shati likachanika. Nilipofika Jumamosi nikamkuta mama yako ameketi kwenye tope, ameshika kipande cha shati. Festo walikuwa wamekwisha kumtoa tena majini, amelala kwenye majani, anatetemeka.

Nikafungua mpira niliofungia mzigo kwenye baiskeli. Nilichagua mpira kwa sababu kamba inachubua. Unaona, mtu hakosi kanuni. Nikamwambia Festo njoo, nikampeleka kwenye nguzo ya dungu. Nilijiandaa kwa vurugu. Hakufanya vurugu. Alininyooshea mikono.

Ulikuja likizo ukamkuta hivyo. Ulimfungua bila kuniangalia, ukamwosha, akakufuata huku na huku kama kifaranga, hakwenda mtoni siku zote ulizokuwepo. Na hukuniita baba wiki nzima. Uliniita Mwalimu.

Kwa hiyo unasema utabaki, na naelewa kwa nini. Kwako anatulia. Umekwisha kunipangia: utakaa naye Mofu, mama yako alime, mwakani chuo kitakuwa bado kipo. Mpango mzuri. Nimeugeuza kila upande kabla ya kuandika. Kubaki mjini na Festo mama yako hawezi, kwa kuwa msimu uliopita maji yalichukua kila kitu na tukikosa kulima tena hatuna cha kula. Mshahara wangu unaujua, mshahara ule ni salamu tu. Shangazi yako hamtaki kwake, utaona leo atakavyolikwepa jina lake. Mimi niko darasani siku tano. Na mto hauhami.

Sitakuahidi, mama. Nitamfunga. Siyo kila siku, na vidonge vikipatikana na akikubali, pengine siku chache. Lakini ikifika siku mama yako yuko peke yake na shamba linataka palizi, atakuwa kwenye nguzo. Jana nilisema "tutaona" kwa sababu Festo alikuwa anasikia. Kesho stendi usiniulize tena, kwa kuwa nitasema hatafungwa, na utaniamini, na utakwenda chuo ukiwa na uongo wangu.

Wala usiende huko kutafuta dawa ya Festo. Huenda ipo, huenda utaipata ukiwa na mvi. Lakini mtu anayesoma kwa ajili ya mgonjwa mmoja husoma kama nilivyosoma mimi, anafungua kitabu anatafuta mlango tu wa kutokea, na wa kwanza anaouona anaukimbilia na kumkanyaga aliye mbele yake. Soma polepole. Soma na yale makundi usiyoyapenda. Hapo Idete au Mofu kuna kijana ambaye msimu ujao ataamia vizuri kuliko wenzake wote, na baba yake atafurahi. Huyo bado hajakwenda mtoni.

Nikuambie na hili la mwisho, maana sijaliona katika kitabu chochote. Mara ya kwanza nilimfunga huku nalia, mama yako akanifuta uso kwa kanga. Mara iliyofuata sikulia, niliomba radhi tu. Baada ya hapo, kuna siku nilimfunga huku nazungumza na mama yako habari za palizi, nikakaza fundo bila kukatiza sentensi. Sikugundua mpaka Festo aliposema, "Pole, baba, umechoka." Hakuna aliyenifundisha. Ilikuja yenyewe, kama kuendesha baiskeli.

Ukibaki, msimu wa kwanza atakufuata kama kifaranga na utasema baba alikuwa mkatili bure. Msimu wa pili siku moja utalala usingizi, umechoka, na utamkuta majini. Msimu wa tatu utafungua mpira kwenye baiskeli yangu. Utalia, nitakufuta uso. Na mimi nitapumua, Skola, nitapumua kwa sababu si mimi tena. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko mto.

Mikono yangu imekwisha kuzoea. Yako bado. Ondoka nayo kesho.

Baba yako